Ukitaka trekta kuukuu, fika alfajiri

Mpenzi msomaji, swali lako nalijua hata kabla hujaliuliza. Mtu anayekaa Kangemi, ambako kamba moja ya kuanikia nguo hugombaniwa na wapangaji sita, anatafuta trekta la nini? Ataliegesha wapi, orofa ya pili?

Basi sikiliza. Wengi wa watu unaokanyagana nao pale stendi ya Kangemi jioni wana shamba mahali fulani. Huyu kwao ni Kakamega, yule Vihiga, mwingine Bungoma au Busia. Mwili uko Nairobi, lakini mwezi wa Machi ukikaribia, masikio huelekea nyumbani kusikiliza habari za mvua. Simu hupigwa: "Mmeshalima?" Na jibu mara nyingi ni lile lile: "Bado, tunangoja trekta."

Jibu hilo ndilo lililotuingiza katika habari ninayotaka kukusimulia, ili nawe ukijaliwa kuifuata njia hii usitembee gizani.

Mama yangu alistaafu ualimu baada ya kushika chaki kwa miaka 34. Ana shamba la ekari saba karibu na Kimilili. Kila mwaka alikodi trekta la kulima, na kila mwaka lilifika kwake mwisho. Usimlaumu mwenye trekta. Akipata mteja mwenye ekari 40 zilizoshikana, atalima kutwa bila kugeuzageuza. Ekari saba za mwalimu, zenye mwembe katikati na makaburi pembeni, zitangoja. Afikapo, mvua imekwisha kuteremka, udongo umekuwa matope, na mahindi ya jirani yamefika magotini. Mkulima yeyote wa upande ule atakuambia kwamba mahindi ya Mei hayashindani na ya Machi. Mwaka mmoja mama alivuna magunia ambayo hayakufika hata Krismasi, na hapo ndipo alipotamka neno ambalo hakuna mtoto wake aliyelitarajia: malipo yake ya kustaafu yatanunua trekta.

Pesa zenyewe, baada ya kukatwa mkopo, zilikuwa Sh1.4 milioni. Trekta jipya lenye nguvu ya kupasua ardhi ngumu linauzwa zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwa hivyo lilikuwa kuukuu, ama tusilizungumze tena. Tulikutana kwangu Kangemi, watoto wote watano na mama, katika sebule ambayo watatu wakikaa wa nne husimama mlangoni.

Kabla hatujauliza litanunuliwa wapi, mama alituuliza kama linafaa kununuliwa. Alichukua chaki (naam, chaki, bado huitembeza mkobani) akaandika nyuma ya mlango wangu. Tuseme ekari moja italimwa kwa Sh3,500. Ikila lita nane za dizeli, na lita tuihesabu kwa Sh170, hiyo ni Sh1,360. Dereva apewe Sh400. Kinachobaki ni Sh1,740. Trekta likilima ekari tano kwa siku, kwa siku 40 za msimu, hizo ni ekari 200, yaani Sh348,000. Kutoka hizo toa matengenezo, matairi, oili, na siku ambazo mvua itakulaza. Kwa hivyo, msomaji, ikiwa una ekari saba tu na huna nia ya kuwalimia majirani kwa malipo, funga ukurasa huu ukodi. Vipo vituo vya serikali vya kukodisha mitambo ya kilimo, na siku hizi zipo hata njia za simu. Kampuni ya Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria mwaka 2014 na ambayo makao yake sasa yako hapa Nairobi, huunganisha mwenye trekta na wakulima wanaolihitaji. Lakini mama alikuwa amekwisha kuzungumza na majirani zake, na ekari alizoahidiwa zilipita 150. Hesabu ilisimama.

Wapi, sasa? Hapo ndipo ndugu walipotofautiana.

Kaka yetu mkubwa alitaka mnada. Alikuwa amekata kurasa za matangazo magazetini, na bei za matrekta yaliyonyang'anywa watu walioshindwa kulipa mikopo zilikuwa zinatoa mate. Kitinda mimba naye alikuwa amezama kwenye simu akitazama matrekta madogo ya Japani, Kubota na Iseki, safi kama vyombo vya harusi. Mimi nilitaka yadi ya hapa mjini, kwa sababu Jumamosi naweza kwenda na kurudi. Mama alinyamaza, kisha akauliza jambo moja: "Likiharibika Kimilili, nani atalitengeneza?"

Tafadhali liweke swali hilo akilini, kwa sababu lilizima nusu ya mipango yetu. Chukua hayo ya Japani. Mengi ni mazuri kweli, lakini yalitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya kule kwao, maandishi yote ni ya Kijapani, na aina nyingine hazikuwahi kuuzwa nje. Kikivunjika kijino cha gia, fundi wa Kimilili atakitazama kama anayetazama mwezi. Kwa mwenye bustani ndogo ya mboga Kiambu, aliye karibu na maduka ya Nairobi, huenda likamfaa. Kwa udongo wa Bungoma na plau ya diski tatu, hapana. Uingereza je? Huko kuna mnada mkubwa wa mashine za kilimo wa kampuni ya Cheffins, karibu na mji wa Ely, ambako wanunuzi wa nchi nyingi hujipatia Massey na Ford za zamani. Lakini anayeagiza kutoka huko hununua kwa picha, na picha, msomaji, haitoi moshi.

Afadhali nikueleze kwa nini watu wa magharibi na Bonde la Ufa hung'ang'ania Massey Ferguson kana kwamba ni dini. Si kwa sababu haiharibiki. Ni kwa sababu ikiharibika, aliyewahi kuifungua yuko ng'ambo ya mto. Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilichotoa yale matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson tangu 1946, na baadaye zile Massey 135 na 240, kilitoa trekta lake la mwisho Desemba 2002. Hata hivyo miundo kama 240, 375 na 385 iliendelea kutengenezwa Pakistan na kampuni ya Millat, mjini Lahore. Ndiyo maana spea zimejaa madukani, halisi na bandia. Ford za buluu nazo ni ngumu kama mawe, na mwenye Ford 5000 iliyotunzwa hakuonei wivu wowote. Ila uliza kwanza duka la spea liko wapi. Januari 2025 kampuni ya CMC, iliyouza Ford na New Holland nchini kwa miaka mingi, ilitangaza kufunga shughuli zake Afrika Mashariki. Trekta zuri ambalo wakala wake amefunga milango haliwi baya ghafla, lakini utalazimika kujua vipuri vyake vitatoka kwa nani.

Tulikwenda mnadani hata hivyo, kwa heshima ya kaka. Mnada una sheria zake, na madalali wana sheria yao tangu 1996, kwa hivyo usidhani ni mahali pa wezi. Shida yake ni nyingine. Mali huuzwa kama ilivyo na ilipo. Unaruhusiwa kutazama, na pengine kugusa. Kuwasha injini ni bahati, na kulipeleka trekta shambani kulijaribu ni ndoto. Fikiria pia lililetwa vipi pale. Mtu anayeona mkopo unamshinda huacha kubadilisha oili miezi mingi kabla ya kuacha kulipa benki. Betri huwa imekwisha kwenda, na mara nyingine hata pampu ya dizeli imebadilishwa na ya bei nafuu usiku mmoja kabla madalali hawajafika. Kaka alisimama mbele ya trekta moja kwa dakika ishirini kama mtu aliyepata mchumba. Bei ya kuanzia ilikuwa chini ya Sh700,000. Mama akamwambia kwa upole, "Baba, hizo ni pesa za kununua siri ya mtu mwingine." (Mama humwita kaka "baba" kwa kuwa ana jina la babu yetu.) Tukatoka bila kulipa amana.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya yadi. Sitaitaja, na haina haja ya kutajwa, kwa sababu zipo nyingi. Nilimchukua mzee mmoja fundi wa hapa Kangemi, ambaye siku hizi hutengeneza injini za matatu na pampu za maji, lakini ujana wake aliumalizia katika mashamba ya Kitale akifungua matrekta. Tulikubaliana naye malipo ya siku na nauli, tununue tusinunue. Hilo lizingatie sana. Ukimwahidi fundi kitu kidogo baada ya mauzo, umemfanya broka wa pili. Atakuwa na njaa ya wewe kununua. Tulimchukua pia mpwa wangu anayesomea ufundi wa mitambo pale Kabete, ili macho machanga yajifunze kwa macho makuukuu.

Broka alitupokea kwa bashasha. Kaka aliitwa "boss", mimi nikaitwa "mama" na kuletewa kiti kivulini, ishara ya kwamba mazungumzo hayanihusu. Nilikikataa kiti. Trekta lilikuwa jekundu kuliko nyanya. Likawashwa, likaitika mara moja, likanguruma vizuri. Kaka akatabasamu. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuweka kiganja chake ubavuni mwa injini kabla haijawashwa, na akakiondoa upesi. "Limeshaamshwa leo," akasema. "Mimi nilitaka kulikuta limelala."

Msomaji, kama hutakumbuka lingine, kumbuka hilo. Injini ya dizeli iliyochoka husema ukweli ikiwa baridi. Ikishapata joto, hata mgonjwa hucheza ngoma. Ndiyo maana wauzaji wajanja hukuambia uje saa tano, na huliwasha saa tatu.

Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akaomba ruhusa, akakwaruza kidogo chini ya tangi mahali pasipoonekana. Chini ya nyekundu kulikuwa na manjano. Manjano ni rangi ya mitambo ya ujenzi. Trekta lile, kwa dalili zote, lilikuwa limetumikia barabara au kokoto kabla ya kuvishwa gauni la shambani. Akapiga magoti, akamwita mpwa wangu, akamwonyesha mahali ambapo injini huungana na sehemu ya klachi. Palikuwa na mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi juu. Trekta halina chesisi kama lori, alimweleza kijana. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi ndizo uti wa mgongo. Uti ukivunjika ukaungwa, utabeba mzigo wa leo, wa kesho hauna ahadi. Tukaaga kwa adabu. Broka alimwambia kaka kwamba amekuja na watu wengi mno.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa magharibi tunapaswa kulijua kuliko watu wote, nalo ni miwa. Matrekta mengi yanayouzwa Bungoma na Kakamega yalikuwa yakivuta trela za miwa. Mumias ilipoanguka na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, baada ya miaka ya kuyumba, wenye matrekta wengi walikuwa wamekwisha kukosa kazi. Trekta la miwa huvuta tani juu ya tani katika barabara mbovu, mchana na usiku, na ulafi wa safari moja zaidi humfanya dereva asahau oili. Utalijua vipi? Tazama tundu la chuma cha kuvutia, pale pini ya trela inapoingia. Kama tundu limekuwa refu kama yai badala ya kuwa duara, limevuta sana. Shika gurudumu la mbele ulitikise: likicheza, pini na bushi zimekwisha. Tia gia moja moja ukiwa na mzigo, uone kama kuna inayoruka yenyewe. Halafu mikono ya nyuma ya kubebea plau, kama imekaa miaka bila kutumika, usiiamini hadi uione ikifanya kazi. Ile mita inayohesabu saa za injini isikubabaishe. Hubadilishwa kwa bei ya kuku wawili. Tazama kikanyagio cha klachi kilivyolika. Mguu wa dereva haudanganyi.

Habari za trekta tulilolinunua zilitufikia kanisani, si gazetini wala kwenye simu. Mzee mmoja wa karibu na Moi's Bridge alikuwa anawagawia wanawe shamba, ekari tano tano. Trekta lake halikuwa na pa kugeukia tena katika vipande vile. Huyu ndiye muuzaji ninayekushauri umtafute: asiyeuza kwa sababu trekta limemshinda, bali kwa sababu shamba limemwishia. Wapo Trans Nzoia, wapo Uasin Gishu, wapo hata Nakuru, na wataongezeka kadiri mashamba yanavyokatwakatwa. Na kama unaweza, watafute kati ya Juni na Septemba. Desemba ikifika, kila mtu anataka kulima, na bei hupanda miti.

Tulilala Kitale, tukafika kwake saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya nyasi. Tulikuwa tumemwomba kwa simu asiliwashe. Mzee wetu wa Kangemi akaweka kiganja. Baridi kama jiwe la mtoni. Lilikuwa Massey 290, injini ya Perkins ya silinda nne, nguvu za farasi zinazokaribia 80. Rangi ilikuwa imepauka hadi kufanana na tofali, na hiyo ilitufurahisha kuliko ile ya nyanya. Namba yake ya usajili ilikuwa ya kale, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, maana yake lilisajiliwa Kenya kabla ya 1989, mwaka ambao namba za KAA zilianza. (Matrekta ya siku hizi yana namba zao zinazoanza na KT.) Yaani lilikuwa na umri wa kutosha kuwa na wajukuu.

Mwenyewe, akiwa na koti zito na redio kwapani, aliwasha. Starta ilizunguka mara tatu, nne, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Mzee wetu hakusema neno. Alikuwa anahesabu. Moshi mweupe wa asubuhi ukiisha baada ya dakika moja mbili, si kitu. Usipoisha, kuna maji yanaingia au mgandamizo umepungua. Wa buluu ni oili inayoungua, na huo ni msiba wa pesa nyingi. Mweusi ukiwa na mzigo mara nyingi ni nozeli au chujio la hewa, na hilo huzungumzika. Huu uliisha. Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi, lakini si ya maziwa. Akatazama maji ya rejeta: hayakuwa na utando wa mafuta. Akafungua kifuniko cha kumiminia oili, kilichotoka ni pumzi ndogo tu, si upepo wa bomba.

Kisha tukaenda shambani. Plau ilifungwa, ikainuliwa juu, injini ikazimwa, tukaenda kunywa chai. Ndiyo, tulikunywa chai, na chai ile ilikuwa sehemu ya jaribio. Tuliporudi baada ya robo saa plau ilikuwa imeshuka kama upana wa vidole vinne. Haidroliki iliyochoka ingekuwa imeilaza chini kabla sukari haijayeyuka. Trekta likalima saa nzima, likageuzwa kwa breki ya kushoto, kisha ya kulia. Ya kulia ilikuwa dhaifu. Matairi ya nyuma yalikuwa yamelika, na sili moja ya ekseli ilikuwa inavuja. Mpwa wangu aliandika yote. Mwenyewe naye akatoa daftari lake la shule lenye jalada la kijani, ambamo kila siku aliyobadilisha oili iliandikwa kwa kalamu, miaka na miaka. Mama alilishika daftari lile akaanza kulisahihisha kwa macho, kama mwalimu. Nadhani alilinunua trekta dakika ile.

Kila kasoro iliyoandikwa iligeuka bei. Hatukumwambia mzee trekta lake ni bovu. Hilo ni tusi na halikushushii kitu. Tulipiga simu dukani Kitale kuuliza bei ya tairi kwa namba iliyo ubavuni mwake, tukamsomea. Alianza na Sh1.25 milioni pamoja na plau. Tulikutana Sh1.1 milioni.

Kaka alikuwa tayari kulipa siku ile ile. Mvua ilikuwa inanukia. Lakini karatasi hazijachunguzwa, na hapa, msomaji, ndipo familia nyingi hulia. Namba iliyo kwenye kibati cha trekta lazima ilingane na iliyo kwenye logibuku. Kibati kikiwa kimeng'olewa, rudi nyumbani. Rekodi za mamlaka ya NTSA huombwa kupitia eCitizen, na zitakuonyesha jina la mmiliki, na kama mkopeshaji ameandikishwa naye kama mmiliki mwenza. Pia, tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, ipo sajili ya serikali ambamo unaweza kutafuta kama kitu kimewekwa rehani. Watu huiruka kwa sababu hawajaisikia. Tulipotafuta, jina la chama kimoja cha akiba na mikopo lilikuwa bado liko pamoja na la mzee. Mwenyewe alishangaa, mkopo ule aliumaliza zamani, ila hakuna aliyekwenda kuliondoa.

Kaka alisema tulipe, tutarekebisha baadaye, mzee ni mtu mwaminifu. Ni kweli alikuwa mwaminifu. Mama alisema, "Pesa zangu zilingoja miaka 34. Zitangoja hizo wiki mbili." Mvua ya kwanza ikanyesha tukiwa bado tunangoja barua. Simu kutoka Kimilili zikaanza: fulani ameshalima, fulani anapanda kesho. Usiku mmoja kaka alinipigia simu saa tano, akaniambia mama atapoteza msimu wa pili mfululizo kwa sababu ya jina moja kwenye kompyuta. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu jambo hilo liliwezekana kabisa. Lakini pesa zikishatoka, jina lile lingekuwa shida yetu, na siku chama kile kingedai trekta, mwalimu mstaafu angebaki na daftari la kijani.

Barua ilipatikana siku ya kumi na tatu. Mkataba uliandikwa mbele ya wakili Kitale, pesa zikapita benki, si mfukoni, na uhamisho wa umiliki ukaanzishwa na muuzaji na kukubaliwa na mama kabla hatujaondoka mjini. Sh300,000 zilizobaki mama alikataa ziguswe. Zilikuwa za matairi, dereva, dizeli ya wiki ya kwanza, na "lile tusilolijua".

Lile tusilolijua lilikuja siku ya tatu ya kulima: klachi ikaanza kuteleza. Kubadilisha klachi ya trekta kama lile ni kulikata katikati, injini upande huu, giaboksi upande ule. Fundi wa Kimilili, kijana asiyezidi miaka thelathini, alililaza chini ya mwembe wa mama juu ya magogo na jeki mbili, bila kutazama kitabu chochote. Spea ilitoka Bungoma mjini mchana ule ule kwa bodaboda. Siku ya tano, saa nne asubuhi, mama alinipigia simu nikiwa kwenye matatu pale Westlands. Sikusikia alichosema, kwa sababu ya kelele nyuma yake, naye hakukata simu.